Mbegu za Gunia Moja

Hakuleta malalamiko matupu, alileta na sufuria.
Don Eleuterio, fundi viatu wa Huamantla,
aliitua juu ya mizani yetu, akafunua:
nusu uji, nusu kokoto.
"Doña Otilia," akasema, "umeniuzia ndugu
wasiosikilizana hata motoni."

Nilicheka. Kisha nikaona haya.
Marehemu mume wangu ndiye aliyechanganya magunia
msimu ule wa mwisho, macho yake yakishaingia ukungu,
nami sikuwa na moyo wa kuchambua
kitu alichokishika.

Usiku nikamwaga yote mezani.
Haya madogo, meusi, laini kama vifungo vya shati:
maharage ya kila siku.
Haya makubwa, ya zambarau, yenye madoa,
utadhani karani amekung'utia kalamu:
ayokote, kama tuyaitavyo huku chini ya mlima Malinche.
Na yalikuwepo ya kati.
Hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Nikatoboa makopo ya maziwa, nikapanda.

Siku ya saba harage likachomoza
limejitwika mapande yake mawili kichwani
kama mtu ahamaye na kabati na kitanda,
asiyemwachia mwenye nyumba hata kijiko.
Ayokote likatuma shina tu, jembamba, mikono mitupu;
mapande yake yamebaki chini, gizani.
Nikaandika kwenye makopo kwa mkaa:
HUBEBA. HUFICHA.

Tarehe tisa Mei jalidi ikaanguka.
Asubuhi yote yalikuwa meusi, yamelegea
kama soksi zilizosahauliwa kambani.
Sikuyatupa, kwa uvivu tu.
Wiki ya pili, pale palipoandikwa HUFICHA,
chipukizi likapenya pembeni ya mfu wake.
Akiba haiozi! nikasema peke yangu dukani,
na nilitaka kumwita fundi viatu
aje ashuhudie mshindi.

Lakini mwaka ulikuwa haujesha.
Nikapanda maharage mengine, nikayahamishia yote ukutani.
Yakapanda nyuzi, yote yakizunguka upande uleule;
hapo, angalau, hawakubishana.
Harage likatoa ua dogo, jeupe,
likamaliza harusi yake ndani
kabla ya kufungua mlango.
Ayokote likawasha wekundu unaoonekana hadi barabarani,
likangoja.
Nyuki. Ndege mvumaji. Yeyote.
Jirani yangu Crescencio alikuwa amepulizia dawa viazi vyake.
Hakuja yeyote.
Nilifagia maua yale uani, mazima, mazuri, bure,
na huku mdogo mtu ananing'iniza maganda ishirini
bila kumshukuru mtu.

Sasa niandike nini kwenye kopo?
Aliyejiwekea akiba ndiye aliyemhitaji mgeni.
Aliyeanika mali yake yote juani hakumhitaji hata nzi.
Nami miezi mitatu baada ya mazishi
nilifunga duka, nikala vya chini ya kitanda,
nikatega sikio mlangoni kila mbwa alipobweka.
Basi. Nimelisema.

Mwezi Juni nilikuwa nimepanda moja ya zile za kati,
kopo la kumi na moja.
Mapande yake yalisimama sawa na udongo,
nusu ndani, nusu nje,
hayakupanda, hayakubaki.
Nikashika mkaa. Nikauweka chini.

Don Eleuterio alifuata sufuria yake.
Nikampa vifuko viwili, nimevichambua kwa mkono wangu:
haya yaloweke usiku kucha, haya yatakuwahi,
usiyapike pamoja hata ukiwa na haraka.
Akainama dirishani, akalitazama kopo lisilo na jina.
"Na hili?"
Sijui, nikasema.
Akalikuna shina kwa kucha yenye gundi,
taratibu, kama anayepima ngozi.
"Likizaa, nitapenda kujua linaiva kwa saa ngapi."

Akaondoka. Sufuria kaisahau tena.